Mbuzi wa Jabali na Nyuki wa Mkunazi: Maisha na Michezo ya Bonde la Hadhramaut

Chovya-chovya yamaliza buyu la asali. Methali hii sisi watu wa pwani humpigia mtu mwenye tamaa ya kidogo kidogo, asemaye nachukua hiki tu, na hiki tena, hata siku moja akatia mkono akakuta hamna kitu. Leo nataka kuipeleka methali hiyo ng'ambo ya bahari, kwenye bonde ambalo asali yake ni mashuhuri duniani na ambalo watu wake wengi ni jamaa zetu wa damu. Bonde lenyewe ni la Hadhramaut, katika nchi ya Yemen.

Hapana mji wa pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga, usiokuwa na nyumba ambazo jina la ukoo laanza kwa Ba. Babu zao walikuja na majahazi ya kaskazi, wengi wakipandia bandari ya Shihr, ndiyo maana tukawaita Washihiri. Walichota maji, wakapika kahawa, wakafungua maduka, wakaoa, wakazaa, wakawa sisi. Na elimu nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Maulidi ya Habshi yasomwayo kwa matari pale Lamu kila Mfungo Sita ni kazi ya Habib Ali al-Habshi wa mji wa Seiyun, aliyefariki mwaka 1915, na aliyeyakuza kwetu ni Habib Saleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha.

Basi masharifu wa bonde hilo twawajua, na vitabu vyao twavisoma. Lakini mtu wa kawaida wa huko, mwenye mitende yake kumi na mbuzi wake watano, huishi vipi? Akisha kupanga jembe lake ukutani, hujifurahisha kwa nini? Hufuga nini, huwinda nini? Hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze, kwani katika michezo ya watu wa bonde lile mna funzo ambalo sisi tulioko huku bado hatujachelewa kulipata.

BONDE LENYEWE

Mwenye kutoka bandari ya Mukalla akaelekea bara, kwanza hupanda. Hukwea mpaka akafika juu ya uwanda mkavu wa mawe uitwao Jol, ambako jicho halioni mti wala nyumba. Halafu ghafla ardhi hupasuka miguuni pake. Chini, mita 300 hivi, huona bonde pana lenye kijani cha mitende, mashamba na miji ya rangi ya udongo. Kuta za majabali zimesimama pande zote mbili kama ua wa nyumba. Bonde hilo halishuki moja kwa moja baharini kama ulivyo mto wetu wa Tana. Hukimbia sambamba na pwani, kutoka magharibi kwenda mashariki, hata likapinda na kutoka baharini kwa jina la Masila.

Sehemu yake kubwa haina mto wa kudumu. Maji huja kwa mafuriko. Mvua hunyesha juu ya Jol, maji yakaporomoka magengeni kwa kishindo, na wakulima huyapokea kwa kuta na mifereji waliyoirithi tangu kale, kila shamba likapata zamu yake. Mafuriko yakishapita, hutegemewa visima. Zamani ndoo za ngozi zilivutwa na wanyama waliotembea kuteremka njia ya mteremko na kupanda tena, kutwa kucha, huku roda za mti zikilia na mchungaji akiimba ili asisinzie. Mashine za mafuta zilipokuja, mlio wa roda ulinyamaza, na nyimbo nyingi za kisimani zikanyamaza nao.

Miji ni ya udongo mtupu. Shibam ina nyumba zipatazo 500 zilizobanana ndani ya ukuta mmoja, nyingine za ghorofa saba, zote za matofali ya udongo na majani makavu yaliyoanikwa juani. Shirika la UNESCO liliuandika mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2015, kwa sababu ya vita, likauhamishia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nyumba hizo zina tabia moja na mwili wa mwanadamu: zisipotunzwa, hufa. Kila baada ya muda sharti zipakwe udongo upya, na vichwa vyake vipakwe chokaa ili mvua isipenye. Atakayesafiri akaliacha paa lake miaka mingi, akirudi atakuta kichuguu.

WATU NA WANYAMA WAO

Katika nyumba hizo watu na wanyama hukaa chini ya paa moja. Sehemu za chini ni ghala na banda la mbuzi, na sehemu za juu ndizo za jamaa. Mbuzi wa Hadhramaut si mali ya kuchinjwa tu. Ana jina lake, anajulikana kwa sauti, hulishwa kwa mkono maganda na makombo ya jikoni, na akiugua nyumba nzima hushughulika. Mwenye maziwa ya mbuzi wake mwenyewe hakosi kitu cha kumpa mgeni.

Kazi ya malisho ni ya wanawake zaidi. Wapita njia wote huwakumbuka kwa vazi lao: mabuibui meusi, na juu ya kichwa kofia ndefu yenye ncha iliyosukwa kwa majani ya mtende, kama kina mama wa kwetu wasukavyo ukili. Kofia hiyo huitwa madhalla, yaani kivuli, na urefu wake si urembo peke yake, kwani hewa iliyomo ndani hukinga kichwa na jua kali la bonde. Utawaona wamejipanga katika shamba la lusini wakikata majani ya mifugo, kofia zao zikipanda na kushuka pamoja.

Hakuna kitupwacho. Kokwa za tende husagwa zikawa chakula cha wanyama. Dagaa wakavu hupandishwa kutoka pwani, wengine wakaliwa na watu na wengine wakalishwa ngamia. Naam, ngamia mla samaki! Msomaji atacheka, lakini aulize mtu yeyote aliyewahi kufika huko. Punda naye, kama huku kwetu Lamu, ndiye gari la vichochoro, abebaye mchanga, kuni, maji na mtoto aliyechoka.

CHAI, KAHAWA NA DAN

Jua likishavuka kichwa, kazi husimama. Hapo ndipo mtu wa bonde huwa na wakati wa nafsi yake. Wanaume hukusanyika katika chumba cha wageni kilichotandikwa mazulia, na mbele ya mpikaji huwekwa birika kubwa la shaba lenye makaa tumboni, waliitalo samawari. Chai humiminwa katika vibilauri vidogo, na mwenye kunywa kimoja akaondoka huhesabiwa kuwa na haraka isiyo na adabu. Kahawa yao hupikwa kwa tangawizi, na aliyekulia Mombasa akisikia mlio wa vikombe vya muuza kahawa hana haja ya kuelezwa ladha yake.

Katika vikao hivyo mchezo wao mkubwa ni ushairi. Huko kuna aina ya kikao kiitwacho dan. Washairi hukaa duara pamoja na mwimbaji mmoja. Mwimbaji huanza kwa neno lisilo na maana, dan, dan, akilizungusha katika sauti mpaka mizani ikajulikana. Mshairi wa kwanza hutunga papo hapo mshororo wake, bila karatasi wala kalamu. Maneno humfikia mwimbaji, naye huyaimba yakapendeza. Kabla sauti haijaisha, mshairi wa pili sharti awe na jibu tayari, kwa mizani ile ile na vina vile vile. Akikwama, kikao chote chajua. Sisi tuliolelewa na mashairi ya kujibizana twaweza kuhisi jasho la mtu yule.

Kutoka katika hali kama hizo walitokea watu waliosikika mbali, kama mshairi Hussein Abu Bakr al-Mihdhar wa Shihr, aliyefariki mwaka 2000, na mwimbaji Abu Bakr Salem, mzaliwa wa Tarim, aliyefariki mwaka 2017 na ambaye kanda zake zilipigwa katika nyumba nyingi za Mombasa kuliko hata baadhi ya waimbaji wetu. Muziki huo mkubwa mizizi yake i katika chumba kidogo cha chai, mbuzi wakilia chini.

Lakini starehe yahitaji amani. Kabla ya mwaka 1937, koo za Hadhramaut zilikuwa zikiuana kwa visasi hata wengine wakachimba mahandaki ili wafike kwenye mitende yao bila kupigwa risasi. Mapatano ya mwaka ule, yaliyotiwa saini na viongozi zaidi ya elfu moja, yalisimamiwa na masharifu wa huko pamoja na afisa wa Kiingereza Harold Ingrams, ambaye kabla yake alikuwa amefanya kazi Unguja. Bunduki ziliposimama kuelekezwa kwa binadamu, watu walipata nafasi ya kupanda majabalini kwa mchezo waupendao kuliko yote.

MCHEZO WA PEMBE

Mchezo huo ni mawindo ya mbuzi wa jabali. Si yule mbuzi wa nyumbani. Ni mnyama wa mwitu akaaye magengeni, dume lake likiwa na ndevu nyeusi na pembe zilizopinda nyuma kama jambia mbili, ambazo zikipimwa kwa kufuata mkunjo zaweza kuzidi mita moja. Kila mwaka wa umri wake huacha alama katika pembe, hivyo mwenye ujuzi huusoma umri wake kama mtu asomaye tarehe. Hukimbia juu ya jiwe lililo wima mahali ambapo hata paka angefikiri mara mbili.

Mawindo haya ni ya kale mno. Karibu na Shabwa, mji mkuu wa wafalme wa Hadhramaut wa kabla ya Uislamu, yako maandishi juu ya jabali yanayotaja mawindo ya kifalme, na sura ya mbuzi huyu imechongwa katika mawe mengi ya zama hizo. Uislamu ulipokuja, masanamu yakaondoka, lakini mawindo yakabaki, safari hii kwa bismillahi na kwa nyama ya halali.

Mwanachuoni wa Kiskoti R. B. Serjeant, aliyekaa katika nchi hizo na kujua lugha yao barabara, aliyaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1976. Kwa maelezo yake, yalikuwa na sheria kuliko michezo mingi ya leo. Watu hawakutoka ovyo. Walitoka kwa mitaa na vijiji, kila kundi na mkubwa wake aitwaye mukadamu, ambaye neno lake halikuvunjwa. Walikwenda siku kadhaa. Wengine walitega nyavu, wengine walijificha na bunduki mahali pembamba, na wengine walifukuza wanyama kuja upande wao. Palikuwa na kanuni za nani apate pembe, nani apate ngozi, na nyama igawanywe vipi. Mzozo ukitokea ulihukumiwa kwa desturi ya mawindo, si kwa ngumi.

Na waliporudi, bonde zima lilijua. Pembe zilitangulia zimeinuliwa juu, ngoma nyuma, na washairi wa kundi wakitoa beti za kujisifu na kulitania kundi la mtaa wa pili. Watoto walikimbia mbele, wanawake wakachungulia madirishani. Baada ya hapo pembe zilitundikwa pembeni mwa paa la nyumba, na nyingine ziliwekwa makaburini. Mpaka leo mwenye kupita miji ile huona pembe kuukuu kwenye nyumba za kale, zimekauka na kupauka kwa jua.

Wako waliosema kwamba wasipowinda mvua haitanyesha. Kwa akida yetu mvua ni ya Mola peke yake, hailetwi na pembe wala ngoma. Lakini usemi huo waonyesha jambo: kwa mtu wa bonde, mbuzi wa jabali hakuwa nyama tu. Alifungamana na maji, na mavuno, na heshima ya mtaa, na ushairi. Hivyo ndivyo walivyompenda, na kwa kumpenda hivyo wakamwinda.

BUNDUKI NYEPESI, MNYAMA MWEPESI KUISHA

Hapa ndipo methali yetu yaingia.

Zama za gobori, mwindaji alikuwa na risasi moja. Akikosa, mpaka ashindilie tena baruti mnyama amekwisha kuvuka jabali la tatu. Alipanda kwa miguu, akachoka, akalala na njaa, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Udhaifu wa silaha ndio uliokuwa mlinzi wa mnyama. Watu walidhani kwamba kanuni zao za mawindo ndizo zilizomhifadhi, kumbe nusu ya hifadhi ilikuwa ni uzito wa gobori na urefu wa njia.

Zikaja bunduki za kufyatua risasi nyingi mfululizo. Zikaja gari za kupanda milima, barabara zikafika mahali palipofikiwa na ngamia tu. Vijana wawili ndani ya gari moja waliweza kufanya kwa siku moja yaliyofanywa na mtaa mzima kwa juma zima, wala hawakumhitaji mukadamu, wala ngoma, wala beti. Silaha zilibadilika, kanuni hazikubadilika nazo. Wako pia wanaowakamata wanyama hao wakiwa hai na kuwauza wafugwe mabustanini kwa matajiri. Mnyama wa genge, aliyezoea kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, huishia kuzunguka ndani ya waya, na mwenyewe husema anampenda.

Leo katika sehemu nyingi za Hadhramaut ambako babu walirudi na pembe, wajukuu hawajapata kumwona mnyama huyo kwa macho. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe, mbuzi huyu, aliyeenea tangu Misri na Sudan mpaka Omani, amewekwa katika daraja la walio katika hatari ya kutoweka, na hesabu yake duniani kote haifiki elfu kumi. Yemen yenyewe, tangu vita vilipoanza miaka ya 2014 na 2015, imekuwa na silaha nyingi na walinzi wachache.

Si kwamba hakuna tiba. Huko Saudi Arabia, kwenye majabali ya Hawtat Bani Tamim, hifadhi ilianzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya mnyama huyu huyu, na mpaka leo yuko. Omani nayo ilitenga Jabal Samhan mwaka 1997. Wala wazo lenyewe si la kigeni. Waarabu tangu zamani walijua hima, yaani ardhi iliyozuiliwa isilishwe wala isikatwe ovyo, na fikihi yetu inaitambua. Katika miaka ya karibuni vijana wa Yemen wameanza kuiadhimisha tarehe 22 Januari kuwa siku ya mbuzi wa jabali, wakiandika, wakichora na kuwakumbusha wazee wao. Ni dalili njema kwamba mapenzi hayajafa, yanatafuta njia nyingine ya kupita.

NYUKI NA MKUNAZI

Njia hiyo nyingine haiko mbali. Bonde hilo hilo lina mchezo wa pili ambao pia ni kazi, na ambao wenyewe huupenda kama watu wengine wapendavyo njiwa. Huo ni ufugaji wa nyuki, na mahali pake mashuhuri zaidi ni Wadi Do'an, tawi moja la bonde kubwa.

Nyuki hao hutafuta maua ya mkunazi. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa mti huu. Utotoni tulipopoa kunazi zake, na majani yake ndiyo tuwaoshayo maiti wetu. Watu wa Hadhramaut huuita ilb. Kwao ni mti wa kila jambo: kunazi huliwa, majani hulishwa mbuzi na kuoshewa nywele, na mbao zake ngumu ndizo nguzo, milango na madirisha ya zile nyumba ndefu za Shibam. Na kila mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Novemba hivi, huchanua vimaua vidogo vya kimanjano, ambavyo mpita njia hata havioni. Vimaua hivyo ndivyo vifanyavyo asali ambayo kilo moja hupata kuuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani.

Mfugaji wa nyuki si mtu wa kukaa. Mizinga yake, mirefu kama mabomba, ya udongo au ya mbao, hupangwa juu kwa juu. Maua yakiisha mahali, hungoja usiku nyuki wote warejee, akaziba milango, akapakia mizinga ndani ya lori na kusafiri mpaka kwenye maua mengine. Akifika hupiga hema lake kando ya nyuki wake akakaa nao. Adui wake mkubwa ni mavu, ambao huja kuwala nyuki mlangoni kwao. Mfugaji na wanawe hukaa na vibao mkononi wakiwapiga mavu mmoja mmoja. Mtu humjua nyuki wake kwa mlio: huu ni wa shibe, huu wa njaa, huu wa hasira. Mwenye kutaka kujua mapenzi ya mtu kwa kiumbe kidogo na amtazame mfugaji wa Do'an saa ya adhuhuri, jasho lamtoka, amesimama mlinzi wa mdudu.

Sasa itazame tofauti. Mwindaji humpenda mbuzi wa jabali, na mwisho wa mapenzi yake ni pembe juu ya ukuta. Mfugaji humpenda nyuki, na sharti la mapenzi yake ni kwamba nyuki aishi. Akikamua mzinga mpaka tone la mwisho, nyuki hufa kwa njaa, na mwaka ujao hana kitu. Hivyo hubakisha. Hakuna serikali imwambiayo abakishe, nyuki mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Si bure kwamba katika Msahafu iko sura nzima yenye jina la mdudu huyu.

Lakini nyuki naye ana tegemeo lake. Mafuriko makubwa ya Oktoba 2008 yaliua watu wengi, yakaporomosha nyumba za udongo, na kung'oa mitende na mikunazi pamoja na kuchukua mizinga. Baada ya hapo vikaja vita, mafuta ya kupikia yakawa adimu na ghali, na watu wakarudi kwenye kuni. Mkunazi, kwa ugumu wa mbao zake, hutoa kuni nzuri na makaa mazuri. Mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kukata tawi. Lakini tawi huwa mti, mti huwa shamba, na mkunazi ukatwao leo kwa chungu kimoja cha wali ni mti uliochukua miaka mingi kukua na ambao ungalitoa asali kila mwaka kwa umri wa mtu. Chovya-chovya ndiyo hiyo, ila safari hii wanaochovya wana dhiki, si tamaa.

Ndiyo maana wanaopanda miche ya mkunazi huko, hata katika hali hii, wastahili heshima kuliko sifa nitakazoweza kuwapa. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye mche mkononi na aupande hata kama Kiyama kimesimama, akiweza kuupanda. Mpanda mche katika nchi ya vita amelifahamu fundisho hilo kwa mikono yake.

NA SISI JE?

Msomaji asije akadhani nimempeleka mbali nikamwacha huko. Sisi tuna nguva wetu. Wazee wa visiwa vya Lamu waliwajua vizuri, wakawavua, wakawatolea hadithi. Leo katika maji yote ya Kenya waliobaki ni wachache mno, na kijana wa Faza aweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja. Hakuna aliyekusudia kuwamaliza. Kila mmoja alichukua wake mmoja, wavu wa kamba ukawa wavu wa nailoni, tanga likawa mashine, na desturi za wavuvi zikabaki zile za zama za tanga. Ni kisa cha gobori na bunduki, isipokuwa ndani ya maji.

Na pia tuna mfano wa nyuki. Wako wavuvi wa pwani yetu waliokubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, na wako wanaotundika mizinga katika mikoko wakapata asali bila kuukata mti. Hao hawakuacha bahari wala hawakuacha riziki. Wamejifunza kubakisha tu.

Kuwinda si haramu, wala kufuga si dhambi, wala mchezo si upuuzi. Dini yetu imehalalisha windo, ikaweka na mipaka yake: aliyehirimia haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, na zimekuja riwaya zikimkemea auaye ndege bure pasi na haja. Mipaka hiyo haikuwekwa ili kutunyima furaha. Iliwekwa ili furaha iwe ya baba, na ya mwana, na ya mjukuu. Watu wa Hadhramaut walikuwa na mchezo uliodumu tangu zama za wafalme wa Shabwa, ukashinda njaa, visasi na ukame, na haukushindwa ila na wepesi. Siku kuua kulipokuwa rahisi, ndipo ulipohitaji kanuni mpya, na kanuni mpya hazikuja kwa wakati. Ushairi wa mawindo bado waweza kuimbwa na pembe bado ziko juu ya mapaa, lakini shairi la kumsifu mnyama asiyekuwapo ni tanzia, hata likipigiwa ngoma ya harusi.

Nami kwa kuwa nimezungumza juu ya washairi, si vizuri niondoke bila ubeti wangu mmoja:

Mchezo bila kiasi, humla anoucheza,
Apigaye kwa upesi, keshoye huipoteza,
Nyuki hachumi kwa kasi, tone kwa tone hujaza,
Tubakishe, waungwana, wajao wapate nao.